Njiwa wa Kiholanzi

Basi la kutoka Mahébourg lilinishusha Port Louis saa tano, jua la Morisi liko utosini. Nikanunua dholl puri mbili, chapati laini zilizojazwa dengu, nikazila nimesimama kando ya Bustani ya Kampuni, mchuzi ukinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Makumbusho yako hapo hapo. Wageni wote wanakimbilia dodo (si embe, ndege aliyekwisha toweka), ambaye kwa ukoo naye ni njiwa. Kiunzi chake cha mifupa kilichomo humo ni cha ndege mmoja mzima, na aliyekiokota ni kinyozi, Etienne Thirioux. Mimi nilikuwa na wangu, njiwa wa Kiholanzi.

“Pigeon hollandais?” mlinzi akaniuliza, kama haamini kuna mtu kamfuata huyo. Akanionyesha.

Ndege aliyejazwa pamba, si mkubwa. Kichwa na shingo vyeupe, manyoya ya shingoni marefu na membamba, yamelala kama mvi za mzee aliyechana nywele. Mwili wa buluu iliyoiva, mkia mwekundu. Nyeupe, buluu, nyekundu: bendera ya Uholanzi, na jina likatokana na hapo. Alipigwa risasi huko Savanne, kusini mwa kisiwa, mwaka 1826. Haikupita miaka mingi, jamii yote ikaisha: misitu ilifyekwa, bunduki hazikupumzika, na tumbili na panya walioletwa na meli wakamaliza mayai. Waliokaushwa wako watatu tu duniani, huyu, mwingine Paris, mwingine Edinburgh.

Alikuwa mla matunda, kama ninga wetu wa Pemba, ambaye naye hana kwao kwingine. Nikiwa na miaka tisa nilimwangusha mmoja kwa manati. Tukambanika, nyama yenyewe haikumtosha hata mdogo wangu. Sikuwahi kumkumbuka ninga yule mpaka siku hiyo, pua yangu kwenye kioo.

Kesho yake nilivuka kwa boti kwenda kisiwa kidogo cha Ile aux Aigrettes kuwaona njiwa waridi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki kama 10 porini na sasa ni mamia. Tulizunguka saa nzima, mbu tu na kobe. Halafu kishindo cha mbawa juu ya vichwa vyetu, akatua tawini, mnene, mguuni ana pete za rangi. Kijana aliyetuongoza akazisoma rangi zile kimya kimya, akatoa kalamu sikioni, akaandika.