Mama Mkubwa na Mji wa Mkwawa

Julai 2018 mama mkubwa alishuka Iringa akitokea Tukuyu na wajukuu wake wawili. Chai haijamiminwa, akatoa sharti: "Mwanangu, nataka kuuona mji wa Mkwawa, ila teksi sikodi." Niliwaambia walale mapema na asubuhi wavae masweta na kofia pia. Baridi ya Tukuyu wanaijua, lakini upepo wa Julai wa Iringa ni habari nyingine. Ikifika saa tano jua linawaka huku upepo ule ule ukipuliza, na mtu anaungua uso bila kuhisi joto.

Watu wengi huziweka Isimila, korongo la mashoka ya mawe ya kale na nguzo za mchanga, na Kalenga, yalikokuwa makao ya Chifu Mkwawa wa Wahehe, kwenye safari moja kwa kuwa zote ziko nje ya mji. Ni barabara mbili tofauti. Isimila iko kando ya barabara kuu ya Mbeya, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Kalenga iko upande wa barabara ya hifadhi ya Ruaha, kama kilomita 15. Kwa gari la abiria ni lazima urudi mjini katikati. Kwa hiyo tuliamua Isimila asubuhi, chakula mjini, Kalenga alasiri, na jua likishuka tuwe juu ya jiwe la Gangilonga. Huo mpangilio ukiugeuza unaumia: korongo la Isimila saa saba mchana halina kivuli cha maana.

Tulipanda gari la Ifunda kabla ya saa mbili. Konda aambiwe "Isimila" mapema na akumbushwe tena njiani, maana pale barabarani ni kibao tu na njia ya vumbi, na dereva akishakolea mwendo atakushusha mbele huko. Kutoka lami tulitembea polepole kwa mwendo wa mama mkubwa. Getini wanauliza kitambulisho. Mtanzania analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe kuwa wewe ni Mtanzania. Kadi ya mpiga kura ilitosha. Hela iwe ndogo ndogo, chenji asubuhi haipo.

Mwongoza wageni huwa anaanza na mawe, na hapo ndipo wageni wengi huharakisha wakazipige picha nguzo. Ningeshauri wasiharakishe. Mashoka yale ya mkono yaligunduliwa mwaka 1951, mwanafunzi mmoja alipoyaokota korongoni, na mwaka 1957 na 1958 timu ya mwanaakiolojia Clark Howell ikachimba rasmi. Vipimo vilivyofanywa baadaye viliyapa umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mengine ni makubwa kuliko unavyotarajia, ya kushikwa kwa mikono miwili. Angalia kingo: zimemegwa pande zote mbili, kibanzi kimoja kimoja, hadi likapatikana jiwe lenye ncha. Mjukuu mdogo alishaweka kipande mfukoni, bibi yake akamtazama tu, kikarudi chini. Kuokota hata kibanzi ni marufuku, na kuna sababu: jiwe likiondoka mahali pake haliwezi tena kusema lilikuwa pamoja na nini.

Nguzo ziko korongo la pili, mwendo mfupi wa kushuka na kupanda. Ni tabaka za mchanga ulioshikana. Maji yamekula sehemu laini, zile zilizofunikwa na tabaka gumu juu zikabaki zimesimama. Ndiyo maana huruhusiwi kuziegemea wala kuzipanda, zinamomonyoka mpaka leo. Julai njia ni kavu. Masika udongo ule unashika kiatu na kuteleza kwa wakati mmoja, na mtu mzima hapaswi kushuka bila fimbo.

Kurudi, mabasi makubwa ya Mbeya na Dar yanapita kama hayajakuona. Simama sehemu dereva anapoweza kukuona kwa mbali, upungie magari madogo yanayotoka Ifunda na Mafinga.

Mjini tulikula kwa mama lishe karibu na soko kuu, wali maharage, shilingi 2,000 sahani, bei iliyoulizwa kabla ya kukaa. Mama mkubwa aliulizia ulanzi, pombe ya mianzi. Julai hakuna, mianzi inagemwa wakati wa mvua, na ukiuziwa ulanzi mwezi huo jiulize umetoka wapi. Makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kwa wageni mwaka 2016, tuliyapita kwa nje. Yanahitaji saa mbili zake.

Kalenga ndiyo aliyoijia. Gari lilichelewa kujaa, na hilo lipangie muda, kwani haliondoki na viti vitupu. Kabla ya kushuka nilimuuliza konda gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Usipouliza utabaki na bodaboda, na jioni wanajua huna chaguo.

Usitegemee kuikuta ngome ya Mkwawa. Wajerumani waliipiga kwa mizinga wakaiteka tarehe 30 Oktoba 1894, na kilichobaki cha kuta ni kidogo mno, usipoomba kuonyeshwa utapita juu yake. Omba pia uonyeshwe makaburi ya Chifu Sapi na mwanawe Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge. Makumbusho yenyewe ni chumba kidogo: silaha, picha, na ndani ya kioo fuvu la Mkwawa.

Mama mkubwa alisimama mbele ya kioo akanivuta mkono. "Una hakika ndiye?"

Swali ni halali. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa kikakatwa, Wajerumani wakakichukua, mwili ukazikwa Mlambalasi, ambako ni mbali zaidi na hakuingii kwenye ziara hii ya siku moja. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu ndani ya miezi sita. Ilipita miaka 35. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akatafuta kati ya mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki ambayo vipimo vyake vinakaribiana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, akachagua lenye tundu la risasi. Akalikabidhi hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Kwa sayansi ya leo ushahidi huo ni dhaifu, nami sikumficha.

"Kama si yeye," alisema, "basi ni mwana wa mtu mwingine wa huku. Na yeye alistahili kurudishwa." Mwongoza wageni alicheka, kisha akanyamaza.

Gangilonga tulifika saa kumi na moja na nusu, kwa miguu kutoka mjini. Kulipanda ni dakika chache kwa kupitia upenyo wa mawe, ila kiatu chenye soli laini hakifai. Mama mkubwa alivua ndala akapanda peku, akatutangulia. Juu unaona mji mzima na mabonde nyuma yake. Nenda na kundi, maana watu wameshawahi kuporwa simu pale, na jua likigusa milima shuka, usingoje giza.

Kesho yake kabla ya basi tulinunua sokoni vikapu vya milulu, majani ya kusukia. Kiinue kwenye mwanga: ukiona matundu, kimesukwa kwa haraka. Bonyeza kitako, kikibonyea na kisirudi, kiache. Sugua rangi kwa kidole chenye unyevu, ikitoka itachafua nguo. Na usitaje bei ya kwanza wewe. Mama mkubwa aliamkia "Kamwene", Kihehe chote alichokuwa nacho, akapunguziwa elfu mbili, akageuka kunitazama: "Wewe umekaa hapa miaka yote hiyo, vikapu unanunua bei gani?"