Kandambili za Ilula

Basi lilituzimikia Ilula saa tatu usiku, mwezi wa Julai. Kitonga tulishaipanda salama, na kona zake zote na malori yanayotambaa kama kobe, nikamshukuru Mungu mapema mno. Kumbe giaboksi ilikuwa na mambo yake. Kondakta akasema fundi anatoka Iringa, "nusu saa tu." Aliyezoea barabara ya Mbeya anaijua nusu saa ya kondakta.

Nami nilivaa ki-Dar: blauzi nyepesi, viatu vya kisigino. Baridi ya Iringa haina utani.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anafunika matenga yake ya nyanya. Akatutazama, akauliza, "Mmekula?" Hakuuliza sisi ni nani. Tukamfuata: mimi, dada mmoja na mtoto mgongoni, na mzee wa Kiislamu aliyekuwa anakwenda Tunduma.

Kwake ni vyumba viwili na jiko la nje. Akainjika maji, yalipopata moto akayachanganya ndooni, akachovya kiwiko kama anayemwogesha kichanga, akaongeza kata moja ya baridi, akachovya tena. Kisha akavua kandambili zake akanisogezea, yeye akabaki peku kwenye saruji. Nikakataa. Akanitazama tu, nikazivaa.

Mzee aliletewa birika la maji ya udhu kabla hajaomba. "Baba, mnaelekea wapi mkiswali? Niisogeze hii meza." Mezani palikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, akavikumbatia kifuani, meza ikavutwa, mzee akatandika shuka lake. Baadaye ukaja ugali na maharage. Mama akaomba, sala fupi, ila hakumsahau dereva, wala fundi, wala giaboksi.

Usharikani kwetu Dar tuna kamati ya wageni. Tuna sare ya kitenge, na wageni wakisimama tunawapigia makofi, ibada ikiisha tunawapa soda. Mimi ndiye katibu. Usiku ule, chini ya blanketi lililotoka kitandani kwake mwenyewe, nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kumchemshia mtu nisiyemjua maji ya kuoga.

Alfajiri nikaamka kumsaidia kuchambua nyanya, mbivu huku, zinazoanza kuiva huku. "Mwanangu, hata siku ya tatu haijafika ushashika jembe?" akacheka. Saa moja honi ikalia, ikawa mbio. Nilimpa elfu kumi. Akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga iliyombeba yule mtoto.

Tulipofika Makambako nikashuka kununua mahindi ya kuchoma, ndipo nilipotazama chini. Kandambili za bluu, ukanda mmoja umefungwa kwa waya. Viatu vyangu vya kisigino viko Ilula, mlangoni kwake.