Ndara iliyokataa kuondoka

Jumapili, baada ya isha

Miguu yangu bado ina tope la Rabai na sina nguvu ya kulitoa kwa sasa, kwa hivyo naandika kwanza.

Tumetoka mandari. Kwetu mandari ni baharini, hakuna mjadala. Mwabeba sinia, mwatandika mkeka Mama Ngina au mwavuka kwenda Nyali, watoto wanaoga mpaka vidole vinakunjana, mwarudi na mchanga unaofika hadi kwenye godoro. Ila dada yangu alisema amechoka na chumvi. Mwenzake wa kazini alimwambia kuna bwawa dogo la mto, ukifika Mazeras unakata kulia njia ya Kaloleni: pana vivuli, pana boti za kukanyaga, kiingilio si ghali. Tukaenda watu sita na sufuria ya pilau.

Nianze kwa kusema mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Kuogelea nilifundishwa kwa kusukumwa tu, na aliyenisukuma akanicheka kabla ya kunivuta. Bamvua na maji mafu nayajua kwa kuutazama mwezi. Basi nilipoliona hilo bwawa moyoni nilicheka. Ukuta wa mawe na saruji umekatiza mto, kimo chake hakinizidi mimi. Nyuma yake maji yametulia, marefu labda kama uwanja wa mpira. Juu ya ukuta yanamwagika membamba, laini, kama kanga iliyoanikwa. Minana wamening'iniza viota juu ya maji, na yangeyange mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja hana habari na mtu.

Mlinzi wa pale ni mzee wa Kirabai, ana fimbo na kofia ya kufuma. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza, "Mwatoka Mvita?" Nadhani alitujua kwa pilau. Akatuonyesha kamba ya maboya ya plastiki: kuoga ni upande ule wa juu, ndani ya kamba. "Hapa chini ya ukuta, hata mguu msitie."

Mwana wa dada yangu ana miaka tisa na mdomo wa miaka arubaini. "Mjomba, mbona maji yenyewe yatanifika magotini?" Nakiri kwamba nilimkonyeza. Nilidhani mzee anatunza kazi yake tu.

Nilioga. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba maji ya mto hayakubebi. Baharini nalala chali nikahesabu mawingu. Hapa kiuno kilizama, nikawa napiga miguu kama mgeni. Chumvi ndiyo hutubeba siku zote, nasi twajisifu kuogelea. Dada yangu kwa upande wake aliwakataza watoto kabisa kuingia penye matete, kwa sababu ya kichocho: konokono wake hukaa kwenye maji baridi yaliyotulia, na wadudu huingia kwa ngozi, hasa jua likiwa kali. Sisi wa pwani ya chumvi hilo hatulifikirii, lakini watu wa Kinango na Msambweni wanalijua tangu utotoni.

Halafu ikaja habari ya ndara.

Kijana wetu huyo alikuwa anakimbizana na binamu yake ukingoni, ndara ya kushoto ikamtoka, ile ya buluu ya plastiki, ikaanguka majini na kupita juu ya ukuta. Tukateremka mbio upande wa chini na kijiti, tukasimama hatua kumi hivi mbele, penye maji ya magoti, tuidake ikipita. Haikupita. Tukasubiri. Kijana akanyoosha kidole: "Mjomba, ile pale!"

Ilikuwa palepale mguuni mwa ukuta. Inaibuka kwenye povu, inasogea mbele kidogo, tena taratibu inarudi nyuma, kinyume cha mto, mpaka maji yanayoanguka yanaipiga na kuizamisha. Kimya. Halafu inaibuka tena. Nilihesabu mara kumi na saba, nikaacha. Kando yake kulikuwa na chupa ya soda, tawi, na nusu ya dafu, vyote vinazunguka kama vinafua nguo. Ile chupa ilikuwa imeshapauka. Sijui ilikuwa humo tangu lini.

Nilivua shati, nikakunja suruali. Fimbo ya mzee ikanigusa kifuani.

Hakunigombeza. Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine akanionyesha: maji yakianguka hayaendi mbele, yanapiga mbizi mpaka chini, yanatambaa sakafuni, yanapanda mbele kidogo, na sehemu yake inarudi ukutani kujaza shimo lililoachwa. Kinachoelea hurudi nayo. Na lile povu jeupe ni hewa tupu, kwa hivyo hata mwogeleaji halimshiki, anazama ndani yake kama anayekanyaga pamba. "Wewe wajua kuogelea," alisema. "Sasa utaogelea kwenda wapi?"

Nimesoma baadaye kwamba Marekani, ambako kuta fupi za namna hii zimejaa mitoni, waokoaji huziita mashine za kuzamisha, na baadhi yao wamefia humo wakimfuata mtu. Mkondo wa Nyali ukikuchukua, ukitulia na kukata upande, utakuachia. Huu hauna pa kukuachia. Na kuta fupi ndizo mbaya kwa sababu hakuna anayeziogopa. Ukuta mrefu wa bwawa kubwa la Masinga hakuna atakayethubutu kuuchezea. Huu wa kwetu leo nilitaka kuushuka kwa ajili ya ndara ya shilingi mia moja na hamsini.

Mzee alituonyesha vifaa vyake, na kwa kweli ndivyo vilivyonipendeza kuliko boti: mwanzi mrefu, na jerikeni ya lita tano iliyofungwa kamba. Ndani ameacha maji kidogo tu, kama kikombe, ili ipate uzito wa kurushika lakini ielee. Alimpa kijana airushe. Mara ya kwanza ilimwangukia miguuni, ya tatu ikafika ng'ambo. "Mwenzako akizama, hii ndiyo utakayomtupia. Usimfuate wewe."

Pembeni mwa ukuta kuna kingo za udongo. Huko alikuwa aking'oa miche ya mwarobaini huku akiongea nasi. Nikamuuliza, mzee, kivuli kina ubaya gani? Akasema mti ukikua hapo mizizi inatoboa ukingo, na ukifa mizizi inaoza na kuacha mirija, maji yanapata njia. Kuna mahali chini ya ukingo panapotoka maji kidogo, amepachomekea kijiti. Yakitoka maangavu, anayatazama tu. Siku yakitoka na tope ina maana yanabeba udongo wa ndani ya ukingo, na hapo hatangoja kumpigia mtu simu, atawatoa watu kwanza.

Nilikumbuka Solai. Mei 9, 2018, usiku, bwawa la Patel kule Nakuru lilipasuka likawakuta watu majumbani, wakafa zaidi ya 40. Siku zile tulitazama habari hapa Mombasa tukisikitika kama wanaotazama nchi nyingine, maana sisi maji yetu ya bomba yanatoka Mzima, Baricho na Marere, na mabwawa ni mambo ya bara. Lakini mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja popote pale. Na chini ya hili bwawa dogo kuna nyumba nne na shamba la mihogo, nimeziona.

Sasa neno langu kwa wenye pahala, bila kuwataja. Laifu jaketi zilikuwa nane, tatu hazina vifungo. Nilimwambia kijana anayekata tiketi, akacheka, "Bosi, boti haijawahi kupinduka." Dada yangu akarudisha tiketi zote mbili, na pesa hatukurudishiwa. Pia hakuna hata kibao kimoja chini ya ukuta. Kila kitu kiko kichwani mwa yule mzee, na mzee naye huenda msikitini, huugua, na siku moja atastaafu.

Mchana tulitembea mpaka ukingo wa msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Hatukuingia, kwani kaya huingii bila ruhusa ya wazee, na misitu hii imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Tulikaa nje yake tukila embe la achari. Palikuwa baridi, harufu ya majani mabichi. Hapo nilikubaliana na dada yangu kuhusu chumvi.

Saa kumi mzee alitazama mto akasema tutoke majini. Mbingu ilikuwa safi. Nikamuuliza kwa nini, akanionyesha majani makavu na povu la kahawia likishuka kutoka juu: mvua imenyesha huko tusikokuona. Haikupita nusu saa, ile kanga iliyoanikwa ikawa nene na rangi ya chai ya maziwa, na sauti yake ikabadilika. Ndara ikaonekana mara moja, ikapotea.

Kijana amerudi na ndara moja. Kwenye matatu makanga alimuuliza nyingine iko wapi, akajibu, "Iko kazini." Gari zima likacheka. Kutoka Mwembe Tayari nimembeba mgongoni, na sasa yuko chumba cha pili, taa imezimwa, nilidhani amelala.

"Mjomba."

"Naam."

"Saa hizi bado inazunguka?"

Nimemwambia alale.