Lami ya kung'arishia kioo cha darubini ilivyonisumbua na joto la Dar

Kioo changu ni cha inchi 6, kitako cha kung'arishia nimekimwaga kwa jipsamu juu ya kioo chenyewe, katikati nikaweka nailoni, kilipokauka nikakipaka vanishi kisinyonye maji. Hapo freshi. Shida lami inayotandazwa juu ya kitako ili ishike unga wa kung'arishia, namaanisha ile ya utomvu wa msonobari siyo ya barabarani. Mchana inalainika, mifereji niliyoikata juu yake inajifunga, ukingo wa kioo unaanza kushuka, yaani unalika kuliko sehemu nyingine.

Dawa ilikuwa rozini, yaani utomvu mgumu wa msonobari unaoikaza lami. Nikayeyusha lami nje, moto mdogo sana maana mvuke wake unashika moto, nikawa naongeza rozini kidogokidogo, kila mara natonesha tone kwenye maji ya joto la chumbani, likipoa nalibonyeza na ukucha wa dole gumba. Ukucha ukizama taratibu ukaacha alama, ndo penyewe. Tone likipasuka ni gumu mno, litakukwaruzia kioo, toa kwenye moto kwanza ndo utie tapentaini matone machache kuilainisha.

Nikamimina juu ya kitako, nikakigandamiza kioo chenye unga wa siriamu (oksidi ya kung'arishia kioo) na maji lami ikiwa vuguvugu, nikakata mifereji upya ila mpangilio wake usiwe katikati kabisa ya kitako, utachora miduara kwenye kioo. Mifereji haijifungi tena, hata saa nane mchana.