Benchi la bibi
Mnaofanya kazi na watu wenye msongo wa mawazo, vijana kwa wazee, itazameni kazi ya Benchi la Urafiki. Ilianza Mbare, Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alipowafundisha bibi 14 kukaa benchini na watu na kuwasikiliza.

Bibi huanza na maswali 14 ya ndiyo au hapana: usingizi, machozi, mawazo ya kujiua. Hilo la mwisho likijibiwa ndiyo, mhusika aunganishwe na mtaalamu papo hapo.

Kisha mhusika anamwaga matatizo yote, anachagua moja tu, anaondoka na hatua ya kufanya kabla ya kurudi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatoa ushauri wao. Kijana anaitikia "sawa", akirudi hajafanya lolote, maana hatua haikuwa yake. "Nitafute kazi" ni kubwa mno. "Jumanne asubuhi nimpigie mjomba kuhusu kibarua" inafanyika.

Baadaye kuna kikundi, watu wakifuma mifuko kwa plastiki iliyotumika huku wakizungumza. Tafadhali, msiikate sehemu hii kubana bajeti! Mikono ikiwa na kazi, hata mkimya husema.

Mabenchi haya yamefika Zanzibar pia, kajifunzeni huko.