Okanagan Helicopters: tusiokoe helikopta tu, makaratasi na watu je?

Kampuni ikiuzwa, helikopta zake zinapata mwenyewe mpya fasta maana kila mtu anajua bei yake, ila makabati ya mafaili hayana bei na ndo maana mengi huwa yanaishia jalalani. Kwa kampuni kama Okanagan Helicopters ya Kanada hili jambo linaniuma kweli, kwa sababu hawa jamaa ndo waliionyesha dunia kwamba helikopta inaweza kupiga kazi ya kueleweka kwenye milima mirefu, sio kuruka uwanjani watu wapige makofi halafu basi.

Kwa wasioijua niwape kwa kifupi. Mwaka 1947, kwenye bonde la Okanagan huko British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, watu watatu walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Okanagan Air Services. Carl Agar alikuwa rubani, umri umeshapita 40, na wakati wa vita kuu ya pili alikuwa anafundisha marubani wa jeshi la anga la Kanada. Barney Bent naye rubani, na Alf Stringer ndo fundi. Wakanunua helikopta aina ya Bell 47B-3, usajili wake CF-FZX, na kumbuka Bell 47 ilipata cheti cha helikopta ya kiraia kule Marekani Machi 1946, cha kwanza kabisa kutolewa, kwa hiyo tunaongelea mashine ambayo haikuwa hata na miaka miwili sokoni na mafundi wanaoijua walikuwa wachache mno. Mpango wao ulikuwa kupuliza dawa kwenye mashamba ya matunda. Haukulipa kama walivyotarajia, wakaanza kutafuta kazi nyingine, na hapo ndo historia yenyewe inapoanza.

Mwaka 1948 Agar akaanza kuwapeleka wapima ramani juu ya vilele. Kabla ya hapo mpima ramani wa British Columbia alikuwa anapanda mlima kwa miguu na vifaa mgongoni, anafika juu anakuta mawingu, anasubiri, mawingu yakigoma anashuka, kesho anapanda tena. Helikopta ikimweka juu asubuhi, kazi ya siku kadhaa inaisha siku moja. Shida ni kwamba Bell ya wakati ule haikutengenezwa kwa ajili ya huko. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, mapangaboi yanashika hewa kidogo na injini ya pistoni inapungua nguvu kwa wakati mmoja, na helikopta ikielea karibu na ardhi tambarare inapata msaada wa hewa inayosukumwa chini, lakini juu ya kilele chembamba ule msaada unamwagikia pembeni wote. Ongeza na upepo ambao upande mmoja wa mlima unapandisha na upande wa pili unashusha kwa nguvu kuliko injini inavyoweza kukuinua.

Agar hakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Alijifunza kupita kwanza pembeni ya kilele, ausikilize upepo unafanyaje, achague upande wa kuingilia, na zaidi ya yote ahakikishe kuna mteremko wa kuangukia, yaani nguvu zikikataa dakika ya mwisho anainamisha pua anashuka na bonde, anapata mwendo, anajaribu upya. Leo mwanafunzi yeyote wa kuruka milimani anaambiwa haya wiki ya kwanza na wala hafikirii yalitoka wapi. Kuna watu waliyagundua wakiwa peke yao juu huko, na injini isiyofika nguvu za farasi 200.

Mwaka 1949 ikaja kazi ya bwawa la Palisade Lake, kwenye milima ya kaskazini mwa Vancouver, vifaa na watu vikapandishwa kwa helikopta hadi sehemu isiyo na barabara. Mwaka uliofuata Agar akapewa McKee Trophy, tuzo kubwa ya usafiri wa anga Kanada. Halafu ikaja kazi ya Kemano na Kitimat, sehemu mbili za huko huko British Columbia, na hapa ndo kampuni ikageuka kuwa kampuni kweli. Shirika la Alcan lilitaka umeme wa kuyeyushia aluminiamu, so kati ya 1951 na 1954 wakaziba mto Nechako, wakatoboa mlima handaki la kilomita 16 hivi, wakaweka mitambo ya umeme ndani ya mwamba pale Kemano na wakavusha nyaya mpaka Kitimat, kilomita kama 80, kupitia Kildala Pass, njia ya katikati ya milima ambayo ipo juu zaidi ya mita 1,500 na theluji yake sio ya mchezo. Helikopta za Okanagan zilikuwa zinabeba wapimaji, wajenzi, chakula, vipuri, wagonjwa. Kampuni iliyoanza na helikopta moja ikawa miongoni mwa kubwa kabisa za kiraia duniani, na majeshi yakaanza kuleta marubani wake kwenye mji wa Penticton kufundishwa kuruka milimani.

Sasa angalia historia hii huwa inasimuliwaje. Agar yupo, na anastahili, yupo kwenye ukumbi wa heshima wa anga wa Kanada. Helikopta zipo, makumbusho zinapenda helikopta maana mtoto akiingia anaikimbilia. Lakini fundi aliyelala kwenye hema pale Kildala ili injini iwake asubuhi kwenye baridi ile yuko wapi? Karani aliyekuwa anaandika nani kapelekwa kambi gani? Dada wa redio aliyekuwa anahesabu dakika rubani hajaita? Hao ndo walikuwa kampuni. Na habari zao haziko kwenye mashine, ziko kwenye makaratasi na kwenye vichwa vya watu ambao saivi ni wazee sana, wengi wameshaondoka.

Mwaka 1987 Okanagan ikanunuliwa na kuunganishwa na kampuni nyingine, ikazaliwa kampuni ya helikopta iitwayo CHC. Silaumu mtu, biashara ndo ilivyo. Ila kampuni ikishabadilisha jina, hakuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kulinda jina la zamani. Karatasi zinagawanyika, nyingine anaenda nazo meneja anayestaafu, nyingine zinabaki kwenye hanga mpaka hanga linahamwa, na za thamani kuliko zote zinakuwa kwenye maboksi chini ya vitanda vya watu, ambapo wajukuu hawajui kama ile CF-FZX iliyoandikwa kwenye picha ina maana yoyote.

Na ina maana kubwa. Picha ya helikopta isiyo na maelezo ukiweza kusoma usajili wake tu tayari una mlango, maana rejista ya ndege za Kanada inaonyesha mashine iliingia lini na ikatoka lini, kwa hiyo miaka ya picha inabana papo hapo. Ukipata na daftari la safari la hiyo mashine unaona siku gani ilikuwa kambi gani na rubani nani. Daftari la injini linakwambia ilibadilishwa silinda lini, na ukiweka kadhaa pamoja unaanza kuona milima ilikuwa inakula injini kiasi gani. Ripoti ya mpima ramani nayo ina tarehe, ina kilele, ina hali ya hewa. Vitu vinne ambavyo kimoja kimoja ni takataka kwa mtu asiyejua, ukivilaza meza moja vinakupa siku nzima ya kazi ya mwaka 1948. Ndo maana naomba sana, boksi likipatikana lisitawanywe. Usichomoe picha nzuri ukaacha risiti, mpangilio alioacha mwenyewe ni ushahidi nao.

Upande wa kutunza, slaidi za rangi za Kodachrome zikikaa gizani rangi zake zinavumilia sana, lakini filamu nyingi za rangi za aina nyingine zinageuka nyekundu nyekundu, na negativu za asetati, yaani filamu za zamani za aina ya plastiki, zikianza kunuka siki ujue zimeanza kuoza na zinaambukiza za jirani, zitengwe, zipelekwe kwenye baridi na ziskaniwe mapema. Albamu zile za kurasa zenye gundi ni adui, usivute picha kwa nguvu, piga picha ukurasa mzima kwanza ulivyo. Skani na mgongo wa picha, tena hapo ndo penye dhahabu, "Bill na Jock, Kemano" kwa penseli inaweza kuwa ndo ushahidi pekee kwamba Jock alikuwepo. Kanda za sauti zisisubiri, mashine za kuzichezea zinaisha.

Wazee nao wahojiwe, ila wahojiwe vizuri. Ukimuuliza rubani wa zamani "maisha yalikuwaje" atakupa hadithi tatu alizokwisha kuzisimulia kwenye kila harusi. Mpe picha mkononi. Muulize ule mtungi pale nyuma ni wa nini, mafuta mlikuwa mnayachuja vipi ili maji yasiingie, injini mlikuwa mnaipasha moto na nini asubuhi, nani alikuwa anasema leo hatuendi na je rubani kijana aliweza kukataa. Mafundi hasa, maana mikono yao inakumbuka vitu ambavyo havikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Na rekodi iambatane na kibali chake cha maandishi, ili mtafiti asije akakwama.

Pa kupeleka papo. Kuna BC Archives, hifadhi ya nyaraka ya British Columbia, eneo la Victoria, kuna makumbusho ya anga ya taifa Ottawa, na miji yenyewe, Penticton, Kelowna na Kitimat, ina makumbusho yenye hifadhi ya nyaraka. Mimi naegemea hizi za miji, kwa sababu mtu anayefanya kazi Kitimat picha ya Kildala Pass ataitambua kwa macho, na jina la familia atalijua. Pia chuo kikuu cha Victoria kina mradi wa Mountain Legacy, wanarudi kwenye vilele vilevile vya wapima ramani wa zamani wanapiga picha palepale kuona barafu na misitu vimebadilikaje. Unaona sasa, safari za watu kama Agar zimekuwa data ya mabadiliko ya tabianchi, na rekodi ya siku gani mpimaji aliwekwa kilele gani inaanza kuwa na kazi ambayo mwandishi wake hakuiota.

Kitu kimoja familia na kampuni huwa zinaficha ni ajali. Picha za helikopta iliyolala ubavu kwenye theluji zinatolewa kwenye albamu, ripoti zinachanwa, ili sifa isiharibike. Naelewa uchungu, hasa kama kuna mtu alifariki, na majina yanaweza kufungwa kwa miaka wanayotaka familia, hifadhi nyingi zinakubali masharti hayo. Lakini zisichomwe jamani. Kile walichokuja kufundishwa wanajeshi pale Penticton, kuusoma upepo na kuacha mteremko wa kukimbilia, kilijengwa na siku nzuri na siku mbaya pia, na albamu yenye siku nzuri tupu haiwezi kumweleza mtu kwa nini Agar alikuwa anapita kwanza pembeni ya kilele kabla hajathubutu kutua.