Nilivyokirudishia Kiti cha Baba Uzee Wake

Kiti cha baba kilirudi kutoka kwa fundi kikiwa kipya, mama akakataa kukikalia.

Nilikipeleka kuchomelewa mguu mmoja uliokatika. Mguu tu, basi. Nilipokwenda kukichukua nikakuta kimepigwa grinda mwili mzima na kupakwa rangi ya silva inayong'aa kama geti la nyumba mpya. Fundi alifanya kwa wema, hata hela ya rangi hakudai. Nikakipakia kwenye bajaji hadi nyumbani Isevya, nikakiweka barazani mahali pake. Mama akatoka, akakitazama, akaniuliza, "Mwanangu, na cha baba yako kiko wapi?"

Baba alikuwa mtu wa reli. Kiti hicho alikipata kabla sijazaliwa, akahama nacho kila kituo alichopelekwa mpaka akastaafu hapa Tabora. Ni chuma kitupu: flati, yaani vyuma bapa, kwenye kalio na mgongoni, nondo kwenye miguu, na mikono miwili iliyokunjwa mwishoni kama mkia wa kinyonga. Rangi yake ilikuwa kijani iliyoiva, lakini kwenye mikono ilikuwa imelika zamani, chuma kikabaki cheusi na laini kama mpini wa jembe la miaka mingi. Hicho ndicho grinda ilichokiondoa, na hicho ndicho nilichotaka kukirudisha.

Nilianza kwa kutazama kazi za watu wanaozeesha samani za chuma. Nyingi sikuzipenda. Wengi hurashia kijani cha bahari kwenye kitu cha chuma ili kionekane cha kale, wakati kijani kile ni cha shaba. Shaba ikikaa miaka mingi hujivika utando wa kijani, na utando huo huilinda. Chuma hakina bahati hiyo. Kikizeeka kinapata kutu, nayo haikilindi bali inaendelea kukila. Wengine hukwaruza kila mahali kwa kipimo kilekile, mbele na nyuma, juu na chini. Kiti kilichokaliwa hakichakai hivyo, kwa sababu mtu hushika mahali palepale kila siku.

Jirani alinishauri siki na chumvi. Nikamwomba yule fundi kipande cha flati, nikakijaribia. Kesho yake kilikuwa rangi ya chungwa, kizuri kweli machoni. Lakini kutu changa inaacha alama kwenye nguo, na hata ukiipaka vanishi juu, unyevu ukipata upenyo inaendelea kazi yake chini kwa chini. Kwa kiti cha kukalia sikuitaka. (Anayetaka kuijaribu, chonde asichanganye siki na jiki. Hewa inayotoka pale ni sumu ya mapafu.)

Ndipo nikamwita mama. Nilichora kiti kwenye daftari, mbele na nyuma, nikampa kalamu. Hakuchora chochote mwanzoni. Alikaa kwenye mkeka, akapeleka mkono wake hewani kama anayeshika kiti kisichokuwepo, kisha akaanza kusema. Mkono wa kulia baba alikuwa akiusugua kwa kidole gumba akisikiliza taarifa ya habari, kwa hiyo pale kwenye mkunjo ndipo palipolika kuliko pote. Mkono wa kushoto aliweka kikombe cha chai, kikaacha duara. Flati ya juu mgongoni ilikwaruzwa na ukuta, maana akishiba alikiegemeza nyuma kikasimama kwa miguu miwili. "Na miguu hiyo ya nyuma ilikuwa haina rangi kabisa huku chini," mama akasema, "nimemgombeza miaka yote." Nikatia alama kila alipotaja.

Kazi nilifanya mwezi wa 8, kiangazi, kwa sababu mvua zetu zikishaanza mwezi wa 11 rangi ya mafuta inakawia kukauka. Silva niliitoa kwa tina na brashi ya waya. Kwenye pembe grinda haikufika, rangi ya zamani ilikuwa bado imeng'ang'ania, na rangi nyingi za mafuta za enzi zile zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Kwa hiyo pale sikutumia msasa mkavu. Nilitumia msasa wa maji, nimefunga barakoa, wajukuu wa mama wakapelekwa kwa shangazi yao, na matope yote nikayakusanya kwenye gazeti. Mistari ya grinda nayo ilinitesa siku nzima: tupa, kisha msasa namba 120, kisha 240, mpaka kidole kikipita hakikwami.

Juu yake nilipaka praima nyekundu ya chuma, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili, nyepesi. Ikafuata rangi ya mafuta nyeusi isiyong'aa niliyoichanganya na kahawia, vikopo vitatu vya nyeusi kwa kimoja cha kahawia, kwa sababu nyeusi tupu inaonekana kama sufuria. Hii ndiyo rangi itakayochungulia baadaye kama chuma kilichoshikwa.

Hapo nikaharibu. Nilikuwa na haraka, nikanunua kijani ya kopo la kupuliza nikaipuliza juu ya nyeusi iliyolala usiku mmoja tu. Dakika chache hazikupita rangi ikaanza kuinuka na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Tina iliyomo kwenye rangi ya kupuliza ni kali, inaila rangi ya mafuta isiyokomaa. Mkono mzima wa kulia ukabidi kurudiwa kuanzia kwenye msasa, wiki ikapotea. Tangu hapo kila kitu nimekijaribu kwanza kwenye kile kipande cha flati, na rangi zote nikazitoa ukoo mmoja, za mafuta kwa mafuta.

Nyeusi ilipokauka siku nne nilichukua donge la nta ya nyuki nikasugua mahali mama alipotaja, na pale tu. Kijani nikaipaka kwa brashi karibu kavu, nimeizimua kwa tapentaini kidogo. Siku ya pili nikapitisha stilwaya ya kuoshea sufuria. Penye nta kijani ilibanduka kwa magamba madogo, nyeusi ikatokea, na kwenye kingo nilipokaza mkono praima nyekundu ilichungulia kama kutu iliyokufa. Ni hapo nilipoita, "Mama, njoo!"

Duara la kikombe nililifanya kwa kikombe chenyewe. Nilichovya ukingo wa kitako kwenye rangi ya kahawia iliyozimuliwa, nikaubonyeza mara tatu bila kulenga palepale, maana hakuna anayeweka kikombe juu ya duara la jana.

Mwisho ni nta tena. Huku kwetu nta si kitu cha kutafuta. Misitu ya miyombo inatulisha asali, na wapo wafugaji ambao hadi leo mizinga yao ni ya magome ya miti. Niliyeyusha kipimo kimoja cha nta ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 tu, haihitaji moto wa moja kwa moja. Nikaliondoa kopo mbali kabisa na jiko, ndipo nikatia vipimo viwili vya tapentaini, ambayo inawaka upesi. Ikabaki kukorogea masizi kidogo ya kwenye sufuria za kuni. Nilipaka kwa kitambaa, masizi yakaingia kwenye maungio na kwenye makunjo ambako vumbi la miaka lingekaa, halafu nikafuta. Vitambaa vyenyewe nilivitandaza uani vikauke. Vikifungiwa mahali vikiwa vimeloa vinaweza kushika moto.

Baba alipenda kusimulia kwamba meli ya Liemba kule Kigoma, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi kwanza, na ilipoopolewa mwaka 1924 ikaweza kutengenezwa na kurudi kazini. Chuma kipe mafuta, alikuwa akisema, hata ziwa halitakimaliza. Nta si grisi, lakini inafukuza maji vizuri, na pazuri pake zaidi ni kwamba haing'ai kama vanishi. Inatoa mng'ao wa chini, ule wa kitu kilichoguswa.

Inataka kurudiwa kila mwaka kabla ya mvua. Mwaka huu mama ameipaka mwenyewe kwa kipande cha kitenge, amekaa kwenye mkeka, kiti amekilaza mapajani. Mkono wa kushoto ameuruka. Anasema nitampakia mimi kwa uangalifu, duara lisifutike.